Kufanana siyo undugu: maisha ya Willi Hennig, mtu wa nzi

(Haya niliongea Jumamosi mbele ya wanafunzi wa baiolojia. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pale nilipojikwaa nimenyoosha kidogo.)

Asanteni, asanteni, kaeni tu jamani, msisimame, mi siyo mkuu wa mkoa.

Naanza na swali. Nani hapa ameshakula kumbikumbi? Mikono juu. Haya, naona karibu nusu ya ukumbi, na kuna wengine wanaona aibu lakini nawajua. Nani ameshakula mende? Hakuna. Hata mmoja? Basi poleni sana, wote mliokula kumbikumbi mmekula mende. Kumbikumbi ni mchwa mwenye mabawa, si ndiyo, na mchwa ni mende. Siyo kwamba anafanana na mende, hafanani naye hata kidogo, ukimuangalia utasema huyu ni sisimizi mweupe, ana kichuguu, ana malkia, ana wafanyakazi na askari, kila kitu cha sisimizi anacho. Lakini kiukoo ni mende aliyeanza kula mbao na kuishi kijamaa, na ndugu zake wa karibu kabisa ni mende fulani wa msituni wanaokula magogo yaliyooza, na tumboni wana vijidudu vya kumeng'enya mbao vya jamii moja na vile vya mchwa. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walipanga vinasaba vya mende na mchwa wengi pamoja wakaona mchwa wanaangukia katikati kabisa ya mende, wakapendekeza ile oda ya mchwa, yaani lile kundi kubwa la peke yao, ifutwe waingizwe kwa mende. Sisimizi yeye ndugu zake ni nyuki na nyigu, hana habari na mchwa zaidi ya kumla.

Sasa leo nataka niwaambie habari za mtu aliyetufundisha kusema sentensi kama hiyo bila kuonekana vichaa. Anaitwa Willi Hennig. Najua wengi hamjawahi kumsikia, mi mwenyewe nilimaliza digrii sijamsikia, nilikua nachora ile miti ya ukoo wa viumbe kwenye mtihani, napata maksi, sijui hata imetoka wapi.

Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1913 kwenye kijiji kinaitwa Dürrhennersdorf, huko Saxony, mashariki ya Ujerumani. Baba yake alikua mfanyakazi wa reli, mama yake alishafanya kazi za ndani na za kiwandani, kwa hiyo siyo mtoto wa maprofesa. Akiwa bado kijana wa shule akawa anaenda kujitolea kwenye jumba la makumbusho la Dresden, na kazi zake za mwanzo hazikua za wadudu, zilikua za nyoka wa mitini na wale mijusi wa Asia wenye ngozi za ubavuni wanaoelea toka mti hadi mti. Aliyemvuta kwenye wadudu ni bwana mmoja wa pale pale makumbusho, Fritz van Emden. Hitler alipoingia madarakani van Emden akafukuzwa kazi kwa sababu ya asili ya Kiyahudi, akaishia London, na huko London kati ya kazi alizofanya ni kuandika kitabu kinene juu ya nzi waliokusanywa kwenye msafara wa Ruwenzori wa 1934 na 1935, yaani nzi wa Uganda hapo jirani. Nawaambia hivi ili mjue, haya mambo ya Wajerumani na nzi siyo ya mbali kiasi hicho.

Hennig akasoma Leipzig, 1936 akapata udaktari. Tasnifu yake ilihusu nini? Ilihusu viungo vya uzazi vya nzi dume.

Chekeni, chekeni mmalize. Lakini ukikaa na nzi mezani utamuelewa. Nzi spishi mbili unaweza kuwakuta wanafanana kila kitu, rangi, macho, mishipa ya mabawa, unahesabu vinywele vya mgongoni mpaka shingo inakakamaa, huoni tofauti. Unamfungua dume pale mwishoni mwa tumbo ndo unaona, huyu ana ndoano, huyu ana kijiko. Watu wa nzi wote duniani wanaishi hivyo. Mi nna rafiki, mkewe hajui kabisa amjibu nini mtu akimuuliza mumeo anafanya kazi gani.

1937 akaajiriwa taasisi ya wadudu ya Ujerumani, Berlin. Halafu vita. Na hapa nisiwafiche, Hennig alikua askari wa jeshi la Hitler. Mwalimu wake amekimbizwa na serikali, yeye anavaa gwanda la serikali ile ile. Sina namna ya kulipamba hilo na sitaki. Alienda mpaka Urusi, 1942 akajeruhiwa na vipande vya bomu, baada ya hapo wakakumbuka kwamba kumbe huyu mtu anajua wadudu, wakamtoa mstari wa mbele wakampa kazi ya mbu. Akapelekwa Italia kupambana na malaria kwa ajili ya jeshi. Mei 1945 Waingereza wakamkamata huko huko Italia, na unajua Waingereza wakampa kazi gani? Mbu! Jeshi limebadilika, mbu ni wale wale.

Na ndani ya miezi hiyo ya umateka, hana maabara, hana maktaba, hana boksi lake hata moja la nzi, Hennig akakaa na daftari akaandika kwa mkono rasimu ya kitabu. Alipoachiwa vuli ya mwaka ule ule rasimu alikua nayo. Kitabu chenyewe kilitoka 1950, Berlin, karatasi zilikua shida, Kijerumani chake kigumu hata kwa Wajerumani wenyewe, wakasoma watu wachache kikakaa kabatini.

Sasa humo kilikua na nini.

Hebu fikirieni familia. Nakuta watu watatu stendi wamekaa benchi moja, nataka kujua nani ndugu wa nani. Naangalia, wote wana pua moja, macho mawili. Hiyo inanisaidia? Hainisaidii kitu, kila mtu stendi pale ana pua moja. Ni sifa ya zamani mno, ya mababu wa mababu, imeenea kwa wote. Naangalia tena, wawili kati yao wana mwanya mkubwa hapa mbele na kidole gumba kilichopinda namna moja, yule wa tatu hana. Ah! Hapo nimepata kitu. Hao wawili huenda wana bibi mmoja ambaye kidole kile kilianzia kwake. Siyo hakika mia kwa mia, kwa sababu mwanya unaweza ukatokea kwa watu wawili wasiojuana, ndo maana nakusanya alama nyingi, siyo moja.

Hiyo ndo Hennig. Kabla yake watu walikua wanajumlisha kufanana, huyu anafanana na huyu kwa mambo kumi, weka droo moja. Yeye akasema hapana, kufanana kuko kwa aina nyingi na aina moja tu ndo ushahidi wa undugu, nayo ni sifa MPYA ambayo hawa wameipata kwa babu yao na wengine hawana. Sifa ya zamani haikuambii kitu. Na kukosa sifa ndo kabisa, wanaume wasio na ndevu wa Tanzania nzima siyo ukoo.

Mnaona kama jambo dogo. Lakini vitabu vya wadudu vilikua vimejaa koo za namna hiyo. Kulikua na kundi zima linaitwa wasio na mabawa. Na wasio na mabawa wenyewe ni mchanganyiko tu, maana unaweza kukosa mabawa kwa njia mbili. Yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha anayekula vitabu na karatasi, babu zake hawakuwahi kuwa na mabawa tangu dunia iumbwe. Chawa naye hana mabawa, ila chawa katoka kwa watu wenye mabawa, ameyapoteza baadaye kwa sababu ukishahamia kwenye nywele za mtu mabawa ya nini, na kiroboto vile vile kwa njia yake. Sasa ukimuweka chawa na mla vitabu droo moja kwa sababu wote hawaruki umefanya kama mtu anayemuweka aliyefilisika na ambaye hajawahi kuwa na hela akasema hawa ni ndugu.

Kanuni yake ya pili ndo iliyoleta ugomvi. Alisema ukitaja kundi, taja babu na wajukuu wake WOTE. Huwezi ukasema ukoo wa mzee fulani halafu ukamtoa mjukuu mmoja eti yeye katajirika kahamia Masaki hafanani tena na nyie. Mende bila mchwa siyo ukoo, umemtoa mjukuu aliyetajirika akajenga kichuguu. Na hapo hapo ndo ndege wanaingia, kwa sababu mamba kiukoo yuko karibu na kuku kuliko alivyo karibu na kenge, ukisema reptilia bila ndege umefanya ubaguzi wa mali.

Ernst Mayr, Mjerumani aliyekua Harvard, jina kubwa kuliko yote kwenye mageuko ya viumbe wakati ule, hakukubali. 1974 aliandika makala ndefu kumpinga, hoja yake kwa kifupi ni kwamba ndege wamebadilika mno, wana manyoya, wana damu moto, wanaruka, na uainishaji unatakiwa uonyeshe pia mtu amebadilika kiasi gani, siyo katoka wapi peke yake. Siyo hoja ya kijinga hiyo. Mi nadhani Hennig alishinda lakini nikiwa sokoni naomba kuku, siombi reptilia mwenye manyoya. Hennig akamjibu, kwa upole wake, alikua mtu mkimya, hakua mtu wa majukwaa wala kelele.

Narudi nyuma kidogo kwenye maisha yake maana kuna siku moja lazima niwasimulie. Baada ya vita Berlin ilikatwa vipande. Hennig nyumba yake ilikua upande wa magharibi, kazi yake upande wa mashariki, taasisi ilikua imehamia Friedrichshagen. Kila siku anavuka, asubuhi huku, jioni kule, kama mtu anayekaa Kigamboni na kazi yake Posta, tofauti ni kwamba katikati siyo bahari ni dunia mbili. Agosti 1961 yuko safarini Ufaransa na mwanawe. Jumapili tarehe 13 Agosti, wakiwa huko huko, wakaanza kufunga mpaka na seng'enge, ndo mwanzo wa ule ukuta. Yeye alishakua makamu mkurugenzi pale. Ukuta umepita katikati ya nyumba yake na microskopu yake.

Akaacha kazi. Kuhamia mashariki hakutaka. Fikirieni mtu amefanya kazi mahali kuanzia 1937, ukitoa vita, kila pini, kila kilebo kaandika mwenyewe, asubuhi moja hakuna. Mi nakumbuka kwenye chuo fulani niliwahi kuacha droo tatu za wadudu wangu nikaenda likizo, kurudi nakuta vile vidudu vya makumbusho vinavyokula vimaiti vikavu vimekula vyote, yamebaki mapini na vumbi na karatasi za majina. Droo tatu tu, nilikaa siku mbili siongei na mtu. Yeye ni maisha mazima.

Akashikilia nafasi ya muda chuo kikuu cha ufundi hapo Berlin Magharibi, halafu 1963 makumbusho ya Stuttgart yakamchukua, ofisi yake ikawa Ludwigsburg, na huko ndo akakaa na nzi wa kwenye kaharabu. Kaharabu mnaijua, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, kina bibi Zanzibar wanavaa shanga zake. Ndani yake unakuta nzi amenasa, mzima, vinywele vyote vipo, wa kutoka Baltic ana mamilioni ya miaka zaidi ya thelathini, na wa Lebanoni yeye aliishi enzi za dinosaria. Kwa mtu anayehesabu vinywele vya nzi hiyo ni zawadi ya Mungu.

Kilichomtoa kabatini ni tafsiri. 1966 kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza, Marekani, kikiwa kimeandikwa upya kwa kiasi kikubwa, na mwaka huo huo Mswidi mmoja Lars Brundin, mtu wa vile vidudu kama mbu visivyouma, akaitumia njia ya Hennig kwa vidudu vya mito ya baridi ya Patagonia, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, akaonyesha koo zao zinakaa kama vile mabara yale yaliwahi kuungana. Hapo watu ndo wakaamka. 1969 Hennig akatoa kitabu kikubwa cha historia ya ukoo wa wadudu wote, oda kwa oda pamoja na visukuku vyao. 1974 akapewa medali ya dhahabu na Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa viumbe. Tarehe 5 Novemba 1976 moyo ukamkatisha, miaka 63.

Mfano mmoja wa nyumbani kabla sijamaliza, maana naona mwalimu wenu anaangalia saa. Mbung'o. Mnamjua mbung'o, ndorobo, anayeleta malale. Ndugu yake ni nani? Ukiangalia sura utasema nzi wa nyumbani, wanafanana, rangi, ukubwa. Lakini angalia anavyozaa. Nzi wa nyumbani anataga mayai mengi anaondoka. Mbung'o hatagi. Anabeba buu mmoja tumboni, anamnyonyesha humo humo kwa kitu kama maziwa kutoka kwenye tezi, anamzaa akiwa ameshakua kamili baada ya kama siku tisa au kumi, buu anajichimbia kwenye udongo anakua pupa. Mmoja, halafu anaanza tena mwingine. Nani mwingine anafanya hivyo? Wale nzi bapa wanaong'ang'ania kwenye ngozi za wanyama na ndege, na wale vidudu wa kwenye popo ambao wengine hawana mabawa kabisa, ukimuona utasema buibui. Buibui yule ndo ndugu wa mbung'o! Nzi wa nyumbani ni jirani tu. Hiyo mimba ndo kidole gumba kilichopinda.

Siku hizi tunafanya kwa vinasaba. 2014 kundi kubwa la watafiti lilichukua spishi 144 na jeni 1,478 wakapanga mti wa wadudu, wakapata wadudu walianza kama miaka milioni 479 iliyopita na kuruka kama milioni 406. Baadhi ya aliyoyasema Hennig yamesimama, mengine yameanguka, lakini hata anayemuangusha anamuangusha kwa rungu lake. Hata kirusi cha korona, mlipokua mnasikia sijui Delta sijui Omikroni, koo zile zilitambuliwa kwa mabadiliko mapya wanayochangia.

La mwisho kabisa. 1950, mwaka ule ule kitabu chake kinatoka na hakuna anayekisoma, kuna mtu alikamata mdudu Ufipa, kwetu, Tanganyika wakati ule. Mdudu mmoja, hana mabawa, kama vunjajungu amechanganywa na kijiti. Akapelekwa London akakaa kwenye droo. Na Berlin, mji ule ule wa Hennig, makumbusho yalikua na mwingine wa namna hiyo aliyekamatwa Namibia 1909. Hakuna aliyejua ni kina nani. Hennig akaandika kitabu chake cha oda zote za wadudu, hao hawamo, na mmoja wao alikua kwenye mji aliofanyia kazi miaka yote ile. Mpaka 2001 alipoelezwa mmoja wa kwenye kaharabu ya Baltic, ndo mtu akaanza kuzunguka makumbusho anauliza, kuna aliye hai anayefanana na huyu? Wakawapata hao wawili, wakawatafutia sifa mpya za kuwaunganisha na vunjajungu, hakuna, na vijiti, hakuna, na panzi, hakuna. 2002 wakatangaza oda mpya kabisa ya wadudu, ya kwanza tangu 1914. Mwaka ule ule wakaenda milima ya Brandberg kule Namibia wakawakuta wazima wanatembea, na Afrika Kusini wako wengi tu.

Wa Ufipa amepewa jina Tanzaniophasma. Wa namna yake anayejulikana bado ni yule yule mmoja wa 1950.

Kuna mtu wa Sumbawanga humu? Wewe kaka mwenye shati la bluu? Nkasi. Haya, ukitoka nje usikimbie, nna picha yake kwenye simu, na nna vichupa vya spiriti kwenye gari. Maswali sasa, tuanze na yule dada wa nyuma.